Binti anataka kuandika habari za teknolojia, baba anauliza: Hiyo ni kazi?

Mbinga. Nilikwenda Mbinga kwa habari nyingine kabisa. Mhariri wangu alitaka makala kuhusu usafiri wa wajawazito katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kule ambako mama akishikwa uchungu usiku, watu huuliza kwanza kama ziwa limetulia ndipo waulize habari ya gari. Nikapanga siku mbili huku juu Mbinga, kisha nishuke Mbamba Bay na Liuli.

Jioni ya siku ya pili nilikaribishwa chakula nyumbani kwa mkulima mmoja wa kahawa, nje kidogo ya mji. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenipeleka. Ulikuwa msimu wa mavuno, kahawa imeanikwa kwenye vichanja mbele ya nyumba, na mazungumzo yote yalikuwa ya bei. Tulipomaliza kula, mzee akaniita kibarazani. Mbele yetu mteremko mzima ulikuwa umelimwa ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usiondoke na mvua.

"Mwanangu, wewe ni mwandishi," aliniambia. "Nijibu kama unavyomjibu baba yako. Kuandika habari za simu na kompyuta, hiyo ni kazi au ni mchezo wa vijana?"

Anayemnyima usingizi ni binti yake wa pili. Amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, anasubiri matokeo. Mzee amekwishapiga hesabu zake: uuguzi au utabibu. Hospitali ya Litembo iko huko huko milimani, zahanati zinajengwa, na mshahara wa muuguzi unajulikana hata kabla mtoto hajaanza masomo. Binti naye amesema wazi mbele ya baba na wajomba kwamba anataka kuwa mwandishi wa habari za teknolojia, na siku moja amiliki chombo chake mwenyewe. Mama yake hakusema neno usiku ule. Alikuwa anachambua maharage, lakini nilimwona mkono umesimama kila mara tulipotaja ada.

Sikumjibu mzee. Nilimwomba kwanza nizungumze na binti.

Karatasi ya ofisi ya ushirika

Asubuhi aliniletea karatasi moja, imeandikwa kwa mkono mbele na nyuma, mwandiko wa kushikamana na uliopangwa vizuri. Amekuwa akiitoa takribani kila baada ya wiki mbili tangu arudi kutoka shule. Anaandika nakala moja, anakwenda nayo steshenari karibu na stendi, anatoa kopi kumi. Moja inabandikwa kwenye ofisi ya chama cha ushirika, moja kwenye zahanati, moja kwenye mashine ya kusaga. Zilizobaki zinazunguka mikononi mwa watu mpaka zinachanika.

Ilianza na ujumbe wa simu ambao kila Mtanzania amewahi kuupata, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Jirani yao alikuwa amelipwa fedha za kahawa siku hiyo hiyo na kweli alikuwa na deni la kumlipa mtu. Akatuma. Binti alikaa naye, wakaenda kwa wakala, wakapiga huduma kwa wateja, na katika kuhangaika huko akagundua kwamba hakuna mtu pale kijijini aliyejua hatua za kufuata muamala ukikosewa. Maelezo yapo, lakini yako kwenye matangazo ya dakika moja na vipeperushi ambavyo havifiki. Akaandika hatua hizo kwa Kiswahili cha kawaida, moja baada ya nyingine, akaweka na namba za kupiga.

Toleo jingine lilikuwa la mikopo ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wengi tuliisoma habari hiyo kama idadi tu. Yeye alieleza kinachotokea ndani ya simu: programu inapoomba ruhusa ya kufungua majina uliyohifadhi na wewe ukabonyeza kukubali, inayachukua yote, na siku ukichelewa kulipa, shemeji yako, mwalimu wa mtoto na paroko wanapata ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Aliongeza kwamba tangu 2023 nchi ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, na tume ya kupeleka malalamiko. Nilimuuliza alivyojua hayo. Alisema aliisoma sheria yenyewe kwenye simu ya kaka yake, usiku, bando la usiku likiwa nafuu.

Nimefanya kazi hii miaka kadhaa sasa, na nawajua waandishi wenye shahada ambao hawajawahi kufungua sheria wanayoiandika. Mimi mwenyewe nimo.

Kosa la namba 115

Halafu akanionyesha toleo ambalo hakutaka kunionyesha.

Kuna huduma inayoitwa m-mama. Ilianza kwa majaribio Kanda ya Ziwa, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua kitaifa jijini Dodoma. Mtu anapiga 115 bila malipo, mratibu katika kituo anauliza maswali ya hali ya mgonjwa, mfumo wa kompyuta unamwonyesha gari la wagonjwa lililo karibu, na kama hakuna, anampigia dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, mwenye gari lake, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Walengwa ni mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42 na mtoto mchanga hadi siku 28.

Binti aliipata habari hiyo kwenye kundi la WhatsApp, na ujumbe ule ulisema 115 ni ya mgonjwa yeyote. Akauandika kama ulivyo. Wiki iliyofuata kijana mmoja alianguka na bodaboda, akavunjika mguu, na ndugu zake wakapiga 115 kwa sababu ya ile karatasi. Wakaelezwa huduma hiyo ni ya kina nani. Mpaka watafute gari jingine, muda ulikuwa umekwenda. Mguu ulipona, lakini baba wa kijana alikuja nyumbani akiwa na karatasi mkononi, akaiweka mezani mbele ya mzee, akaondoka bila kusalimia.

Hapo ndipo nilipoelewa swali la kibarazani. Mzee hakuwa anauliza habari ya mshahara peke yake. Alikuwa ameona jina la familia yake likibandikwa ukutani pamoja na kosa.

Binti alifanya nini? Alikwenda zahanati, akamuuliza muuguzi, akapiga 115 yeye mwenyewe mchana kuuliza utaratibu, kisha akatoa toleo jipya ambalo mstari wa kwanza kabisa ulisema toleo lililopita lilikosea, na hili ndilo sahihi. Akazibandua zile za zamani kwa mkono wake, zote tatu za ukutani. Aliniambia siku hiyo alitamani kuacha.

Nimewahi kuona magazeti makubwa yakisahihisha kosa kwa mistari miwili kwenye ukurasa ambao hausomwi na mtu.

Waliotangulia hawakusomea

Ukitafuta Tanzania mtu aliyejenga maisha yake kwa kuandika na kuchapisha kupitia teknolojia, majina yatakayojitokeza mapema ni ya watu ambao walianza na kazi nyingine.

Ndesanjo Macha ni mwanasheria na mwandishi aliyekuwa na safu gazetini. Miaka ya mwanzo ya 2000, wakati wengi wetu tukiijua intaneti kama chumba chenye kompyuta sita unacholipia kwa saa, yeye alianzisha blogu ya Kiswahili aliyoiita Jikomboe. Hakuishia kuandika. Aliwafundisha wengine, alihimiza kamusi elezo ya Wikipedia ya Kiswahili ipate makala, na baadaye akawa mhariri wa eneo la Afrika kusini mwa Sahara katika mtandao wa Global Voices, unaokusanya habari za wananchi kutoka duniani kote. Katika hatua zake hakuna hata moja ambayo mzazi wa wakati ule angeweza kuielekeza kidole na kusema, mwanangu, soma ufike pale.

Septemba 2005 Ndesanjo alikutana Helsinki, Finland, na Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la serikali la Daily News. Akamsaidia kufungua blogu. Michuzi alikuwa na kitu ambacho wataalamu wa kompyuta hawakuwa nacho: picha, na kufahamiana na kila mtu. Watanzania walio ughaibuni wakawa wanaamka na blogu yake kabla ya chai. Kamera ndiyo iliyompeleka kwenye teknolojia.

Wa tatu ni Maxence Melo, mzaliwa wa Kagera, mhandisi kwa taaluma. Yeye na Mike Mushi ndio waanzilishi wa JamiiForums, iliyoanza 2006 ikiitwa Jambo Forums. Hapa ndipo niliposita nikiwa na mzee, kwa sababu habari ya Melo haiwezi kusimuliwa nusu. Desemba 2016 alikamatwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watu walioandika kwenye mtandao wake, akakaa mahabusu siku kadhaa. Mashtaka yalikuwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na sheria ya mawasiliano ya kielektroniki. Kesi katika Mahakama ya Kisutu ziliendelea hadi 2020. Alishinda moja, na katika nyingine akatiwa hatiani. Katikati ya hayo, mwaka 2019, Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari yenye makao New York ilimpa tuzo yake ya kimataifa ya uhuru wa habari.

Miaka minne ya kwenda na kurudi mahakamani ni miaka minne ya maisha ya nyumbani pia. Mzazi anayeuliza kama hiyo ni kazi ana haki ya kuambiwa hilo mapema, na si kuonyeshwa picha ya tuzo peke yake.

Kwa kuwa tulikuwa tunazungumza habari ya binti, nilimtajia pia Wakenya wawili. Ory Okolloh alisomea sheria na alikuwa akiandika siasa za nchi yake mtandaoni. Juliana Rotich alisomea kompyuta. Vurugu zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wao na wenzao wakatengeneza kwa siku chache mfumo uliopokea taarifa za wananchi kwa ujumbe wa simu na kuziweka kwenye ramani, wakauita Ushahidi. Umetumika baadaye katika nchi nyingi, ikiwamo Haiti baada ya tetemeko la 2010. Jina limebaki hilo hilo la Kiswahili.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo huyu wa kwanza sheria, huyu picha, huyu uhandisi," alisema akihesabu kwa vidole. "Na wangu awe na uuguzi."

Binti, aliyekuwa mlangoni, alicheka kwa mara ya kwanza.

Yasiyosemwa kwenye sherehe za mahafali

Sasa njia yenyewe, kwa mzazi anayetaka kuijua kabla ya kuuza magunia.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zinamtaka mwandishi wa habari awe na elimu isiyopungua stashahada, na awe na kitambulisho cha ithibati. Kwa hiyo kipaji na karatasi ya ukutani havitoshi. Mtoto lazima apite darasani. Wapo wanaosoma uandishi moja kwa moja, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, SAUT Mwanza au vyuo vya stashahada. Wapo wanaosoma kwanza kompyuta, sheria au afya, kisha wanaongeza stashahada ya uandishi. Ukiniuliza mimi, kwa anayetaka teknolojia, njia ya pili ni ndefu lakini ina mzizi. Mwandishi asiyejua jinsi muamala wa simu unavyosafiri ataandika anachoambiwa na ofisa uhusiano wa kampuni, na ofisa uhusiano ana mshahara wa kumfanya aeleweke.

Kuchapisha ni mzigo mwingine. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza 2018, mwenye blogu alitakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na ada zake zilizidi shilingi milioni moja. Blogu nyingi ndogo zilizimika mwaka ule. Kanuni zimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, kwa hiyo anayetaka kuanza leo asisikilize habari za kijiweni. Aende TCRA aulize kinachotumika sasa na aombe kwa maandishi.

Na pesa? Hapa nilimwambia mzee yaliyonipata mimi. Gazeti la kwanza nililoandikia nikiwa mwandishi wa kujitegemea, ambalo sitalitaja, lilichapisha habari zangu miezi mitatu kabla sijaona shilingi. Niliishi kwa dada yangu, nikila kwake na kulea wanawe. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa habari iliyotoka, si kwa siku alizohangaika nayo, na nauli ya kuitafuta mara nyingi ni yake. Wenye tovuti zao za teknolojia wanachanganya: matangazo kidogo, kutafsiri, kufundisha semina, kuandikia mashirika. Wapo wanaodumu, Teknokona, kwa mfano, imekuwa ikieleza simu na programu kwa Kiswahili kwa miaka mingi sasa. Lakini anayetaka mshahara wa tarehe 25 tangu mwaka wa kwanza, afuate hesabu ya mzee.

Jambo jingine ambalo wazazi hawalifikirii ni lugha. Kazi hii, kwa nusu yake, ni ya maneno. Kishikwambi lilikuwa neno la wataalamu mpaka vifaa hivyo vilipotumika kwenye sensa ya Agosti 2022 na baadaye kugawiwa walimu. Leo mtoto wa darasa la nne analitamka. Nywila bado inawakwaza wengi. Binti ameandika "neno la siri" kwenye karatasi zake zote, na nilipomuuliza kwa nini hakutumia nywila, alisema bibi yake hangeelewa, na bibi ndiye mwenye fedha za kahawa kwenye simu.

Mkoa huu si mgeni wa kuchapisha. Wabenediktini wa Peramiho, kilomita chache kutoka Songea, walianzisha gazeti lao la Mwenge 1937, likasomwa mbali sana na abasia ile. Radio Maria Tanzania ilianza kurusha matangazo yake Songea 1996. Kwa hiyo habari kuondoka Ruvuma kwenda nje si muujiza. Kilichopungua siku hizi ni mtu wa kukaa huku akaangalia teknolojia inapofika mlangoni, badala ya inapozinduliwa hotelini Dar es Salaam.

Sisi wa afya tumejifunza hilo kwa kuchelewa. Hospitali ya CCBRT ilipoanza 2009 kutuma nauli kwa M-Pesa ili wanawake wenye fistula wafike kutibiwa, habari ile iliandikwa mara nyingi kama ya msaada. Ilikuwa pia habari ya teknolojia: mwanamke asiye na simu yake, ambaye namba ni ya mumewe aliyemkimbia, nauli itamfikiaje? Waliotekeleza walijibu kwa kutumia mabalozi vijijini waliopokea fedha na kumsindikiza mgonjwa. Swali zuri kama hilo ndilo linalomtofautisha mwandishi na mbeba tangazo.

Kuteremka ziwani

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, siku hizi ni lami tupu. Wenyeji watakusimulia wakati wa vumbi na utelezi, gari likilala njiani. Barabara inazunguka milima kisha inakuangushia ziwa mbele yako ghafla, la bluu mpaka linakutana na mbingu, na joto linaanza hapo hapo. Nilikuwa na kopi tano za binti kwenye begi. Alinipa mwenyewe, baba yake akiona.

Mbamba Bay moja ilibaki kwenye duka la wakala wa fedha, ambaye aliisoma yote akiwa amesimama na kuniuliza toleo lijalo linatoka lini. Nyingine niliiacha kwa wanawake waliokuwa wanaanika dagaa. Mmoja wao ndiye aliyewasomea wenzake kwa sauti, na walipofika kwenye programu za mikopo, wawili waliangaliana wakanyamaza.

Liuli ni mbele zaidi kwa kufuata mwambao, na ndiko iliko Hospitali ya Mtakatifu Anna. Ndiko pia lilipo kaburi la William Percival Johnson, mmisionari Mwanglikana aliyefariki 1928 baada ya kutumia maisha yake kuzunguka ziwa hili, sehemu kubwa kwa meli, akitafsiri maandiko kwa lugha za watu wa mwambao. Nilipita kaburini kwa sababu niliambiwa ni karibu. Nikafikiri kwamba na yeye kazi yake ilikuwa hii hii ya kuhangaika na maneno, ila yeye hakuwa na tatizo la mtandao wa simu.

Kwa sababu hilo ndilo tatizo nililokutana nalo. Mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha pembezoni aliisoma karatasi ya binti, upande wa 115, akaikunja taratibu. Aliniambia yote yaliyoandikwa ni kweli. Kisha akanipeleka hatua kama mia tatu kutoka nyumbani kwake, mpaka kwenye jiwe kubwa juu ya kilima, akaniambia simu inashika hapa. Pale chini kwenye nyumba haishiki. Mama akianza kutoka damu saa nane usiku, kuna mtu lazima apande jiwe hili na tochi, apige, asubiri kupigiwa, huku mgonjwa yuko chini na hakuna wa kupeleka ujumbe katikati. Yeye amepanda mara nyingi. Wakati wa mvua jiwe lina utelezi.

Nikasimama pale juu nikampigia binti. Alipokea simu akiwa kwenye kahawa, nilisikia watu wakiongea kilugha nyuma yake. Nikamweleza nilichoona, nikidhani atasikitika kwamba karatasi yake haikulitaja hilo.

Aliniuliza maswali sita mfululizo. Kijiji kina nyumba ngapi upande ule? Ni mitandao yote au mmoja? Je, kitochi kinashika vizuri kuliko simu janja? Ujumbe mfupi unapita pale chini hata kama sauti haipiti? Kuna mnara unaoonekana? Na nani kijijini aliwahi kuandika barua ya malalamiko, na aliipeleka ofisi gani?

Mawili niliweza kujibu. Kwa lile la ujumbe mfupi nilimwomba mhudumu ateremke nyumbani na simu yake, amtumie ujumbe tuone. Tukasubiri. Ulipita, baada ya dakika nne.

"Umefika," binti alisema. "Dada, usikate kwanza, nachukua kalamu."

Nilivyorudi Mbinga kuchukua basi la Songea, nilipitia kwao kuaga. Mzee alikuwa ofisi ya ushirika. Mama ndiye aliyenitoa mpaka barabarani, na njiani akaniambia kwamba fomu zitajazwa mbili, ya uuguzi na ya uandishi, na ile ya pili ada yake ataitafuta yeye. Alinipa maharage kilo tatu kwenye mfuko wa rambo. Alisema nisimwambie mzee mpaka matokeo yatoke.